Lori la Fundi Cherehani

Mimi ni fundi cherehani, mbao sizijui. Lakini Jumatatu baba wa mtoto wangu alipiga simu kusema Jumamosi atamleta nimwone kwa muda wa saa moja tu, na kwamba binti huyo hana habari na wanasesere, yeye na malori tu. Nikaapa lori nitaliunda mwenyewe, humu humu chumbani, kwa mikono hii. La dukani hata mtu baki ananunua. Mimi ni mama yake! Alichukuliwa akiwa na mwaka mmoja, nilipolazwa hospitali miezi saba, na nilipotoka nikaambiwa kishamzoea mke mpya wa baba yake, nisimsumbue. Sasa ana miaka sita. Nilichotaka ni kimoja tu: anijue.

Kaka yangu, seremala, akaniletea vipande vya mbao, msumeno, gundi na misumari midogo.

"Niachie mimi, dada. Nusu saa tu unalo."

Nikamwambia akome. Nikatandaza mbao juu ya meza ya kukatia nguo, nikapima kwa futi kamba yangu, nikachora kwa chaki yangu, nikakata. Msumeno jamani! Mkasi unakusikiliza, msumeno una kichwa kigumu. Siku mbili nzima nilihangaika nao, vidole vikajaa malengelenge.

Jumatano jioni nikaanza kuunganisha. Wapi! Ubavu umezidi sakafu, kichwa hakiingii mahali pake, mlango wa nyuma umetokeza nje. Nikapima upya. Kila kipande kimezidi nusu inchi, pande zote. Kaka alipokuja akatazama, akashika kiuno, akacheka mpaka machozi.

"Dada, umeacha nafasi ya mshono!"

Kweli tupu. Miaka ishirini mkono wangu haujakata kitu bila kuacha nusu inchi ya kukunja.

"Haya, kunja basi tuone," akasema.

Nikamrushia kipande cha mbao, kikamkosa. Halafu nikaangua kilio, maana zilibaki siku mbili tu. Hapo akaacha kucheka. Akanishikia mbao, nami nikapunguza kipande kimoja kimoja. Msumeno hakuugusa, ananijua hasira zangu.

Ijumaa mchana lori likasimama, jekundu, magurudumu yake vile vibonge vya mbao vya kuzungushia uzi. Linaenda upande kidogo, lakini linaenda.

Jumamosi wakaja. Mtoto ana pua yangu, jamani, pua yangu kabisa! Gauni lake lilikuwa na pindo lililoshonwa ovyo, nikatamani nilifumue pale pale.

"Shikamoo, shangazi," akasema.

Nilimgeukia baba yake. Yeye akatazama ukuta. Mtoto alipoinamia lori, baba yake akaninong'oneza: "Hatujamwambia. Anajua mama yake ni yule wa nyumbani. Usimchanganye, tafadhali. Ukisema, simleti tena."

Niliumia, sijui niseme vipi. Nilitaka kumrukia nimkwaruze uso ule. Lakini binti yangu alikuwa amepiga magoti, analisukuma lori chini ya cherehani, ananguruma, anapiga honi kwa mdomo, anacheka peke yake. Nikameza hasira yangu, nikakaa sakafuni karibu naye.

"Nani kaliunda?" akauliza.

"Mimi."

"Wewe mwenyewe? Uongo!"

Nikamwonyesha malengelenge. Akayahesabu, yalikuwa saba, kisha akaushika mkono wangu na kuupuliza polepole, kama anavyopulizwa yeye akiumia. Vidole vyake vilikuwa na joto. Nilikuwa sijashikwa navyo tangu ananyonya.

"Shangazi, na watoto wako uwaundie. Unao wangapi?"

Baba yake akakohoa.

"Sina," nikamjibu.

Akanitazama kwa huruma, mkono wangu bado uko kwenye mikono yake.

"Pole, shangazi," akaniambia.