Jumapili Tatu za Senga Mathers

Jumanne, saa nne na robo asubuhi, Senga Mathers, muuguzi mstaafu wa Dundee, aliomba, kwenye hifadhi ya nyaraka za kale, kitabu cha mwaka 1741 cha baraza la wazee wa kanisa la Balmuirie. Alikuwa akimtafuta Elspet Gow, mama mkuu wa ukoo wao, aliyejulikana kwa jina tu. Hakuna aliyejua alisali kanisa gani, kwa hiyo Senga alikuwa akipekua kanisa moja baada ya jingine. Fomu ya kuombea kitabu ilikuwa na nafasi ndogo ya kuandika uhusiano, na neno "mzao" lingetosha kabisa. Lakini watu wanaochimba nasaba hawajui kunyamaza. Senga alijaza ukoo wote, akageuza na upande wa pili, mpaka akafika kwa mjukuu wake: Catriona, miaka kumi na tisa, hajaolewa, mimba ya miezi mitano. Alijisifu kimoyomoyo kwa kutosahau mtu. Kimbelembele hicho ndicho kilichomponza.

Elspet alikuwemo. "Hajaolewa, ana mimba. Kaulizwa baba wa mtoto, kakataa kumtaja. Shauri limeahirishwa." Ukurasa uliofuata, hivyo hivyo. Kurasa arobaini, hivyo hivyo, mwandiko ule ule wa karani. Mstari wa mwisho ulikuwa na tarehe ya Jumanne hiyo hiyo. "Aitwe Senga Mathers, mzao, Jumapili saa tano. Asipotokea, aitwe Catriona." Wino ulimchafua kidole.

Bwana Imrie, msimamizi wa chumba cha kusomea, alikuja akaangalia.

"Mama, wino hauruhusiwi humu. Penseli tu."

"Si mimi niliyeandika."

"Najua. Ni wale wazee wa baraza, hawasikii." Akampa karatasi ya kujifutia. "Nenda tu, mama. Kuna mwalimu mmoja mwaka jana alijifanya mjuaji, hakwenda. Wakamwita dada yake. Sasa yule dada hainui macho hata dukani."

Senga alirudi nyumbani. Catriona alikuwa jikoni anakula mkate na jibini.

"Bibi, mbona umepauka hivyo? Umeona mchumba wako wa zamani?"

"Kula, mtoto wewe. Usinichokoze."

Hakumwambia. Mpaka Jumapili hakulala vizuri, na kila kengele ya mlango ilipolia, alitangulia yeye kufungua.

Jumapili ilipofika, kanisa la Balmuirie lilikuwa gofu la kuta tatu na kondoo. Wazee kumi na wawili walikaa kwenye mabenchi, makoti meusi, mvua inanyesha pembeni yao. Mchungaji alikuwa mimbarini. Mbele ya wote palikuwa na kiti cha toba, cha kusimamishia wakosaji, na juu yake alisimama msichana wa miaka kumi na tisa aliyevaa gunia, tumbo mbele, miguu imevimba hadi magotini. Elspet alikuwa bado hajajifungua. Senga, kwa mazoea ya kazi, alitazama miguu ile kwanza.

"Shuka upumzike, mama," alimwambia, kwa kuwa alikuwa mama wa ukoo.

"Hawaniruhusu, mwanangu, mpaka nimtaje."

"Si umtaje basi!"

"Namtaja kila Jumapili. Ni yule pale, Gilbert Auchterlony. Anayeandika."

Karani alikuwa mtu safi, mwenye kola nyeupe. Hakuinua kichwa.

"Senga Mathers," mchungaji akasema, "baba wa mtoto ni nani?"

Senga alimnyooshea karani kidole. "Gilbert Auchterlony, karani wenu."

Kalamu ilikwaruza karatasi kwa utulivu. Kisha karani akasoma kwa sauti nzuri: "Mzao kaulizwa. Kakataa kumtaja." Wazee wakaitikia kwa vichwa.

"Aitwe Catriona," mzee mmoja akasema.

Hapo Senga aliogopa kuliko siku zote za maisha yake. Aliona mjukuu wake ndani ya gunia lile, miguu yake imevimba.

"Niambieni mnataka nini," akasema.

Walitaka kitu kidogo. Asimame kwenye kiti kile Jumapili tatu, kisha atie sahihi kwamba kitabu kimesema kweli. Tangu hapo asiseme vinginevyo popote, wala kwake nyumbani. Akisema, Catriona ataitwa.

Alisimama Jumapili zote tatu. Elspet alisogea kumpa nafasi, wakabanana juu ya kiti kimoja. Jumapili ya tatu, Senga aliletewa kitabu. Elspet alimtazama, hakumwomba kitu. Senga akaandika jina lake lote. Karani akaupuliza wino ukauke, akamshukuru kwa kumkumbusha msichana yule adabu. Elspet alibaki pale pale, mkono kiunoni.

Jioni Catriona alikuwa amelala kwenye kochi, miguu juu ya mto.

"Haya, Bibi, umempata Elspet wako?"

"Nimempata. Kanisa lake ni Balmuirie. Alipata mimba kabla ya kuolewa."

"Na huyo mwanamume aliyempa mimba?"

Senga aliuangalia mlango. Akaketi, akaivuta miguu ya mjukuu wake mapajani, akaanza kuikanda.

"Hajulikani," akasema. "Elspet alikataa kumtaja."

"Mjinga kweli," Catriona akasema.

Senga aliendelea kukanda.