Kabla ya Fimbo

Diwani Rogato hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililofanya awe mgumu kuishi naye. Mtu mbaya unaweza kumkwepa. Rogato alikuwa mtu wa utaratibu. Katika mji wote wa Hadrumeto hakuna aliyevaa joho jeupe lenye mikunjo iliyonyooka kama yake, wala aliyejua vizuri zaidi siku zipi ni nuksi na zipi zinafaa kuanzia jambo. Alipougua kifua, na wapwa zake wakakaa mbali wakisubiri urithi, Birikti, mtumwa wake wa jikoni, ndiye aliyemlisha uji wa shayiri na kumgeuza kitandani. Alipopona aliapa mbele ya watu kwamba atamwacha huru. Aliapa kwa moyo wake wote. Ila alitaka jambo lifanyike sawasawa.

Sawasawa maana yake mbele ya liwali, mtumwa aguswe fimbo kichwani na kutamkwa huru. Rafiki zake walimwambia angeweza kumaliza kazi mezani, katikati ya chakula, kwa kutamka tu. Rogato akakunja uso. Huo ni uungwana wa nusu, alisema, mtu anauishi lakini anakufa mtumwa, na yeye hajawahi kumpa mtu kitu nusu. Basi Birikti akamngojea liwali. Liwali alipokuja kusikiliza kesi safari ya kwanza, siku zote alizokaa zilikuwa nuksi. Safari ya pili diwani alikuwa na jipu. Safari ya tatu Birikti alikuwa na mimba pevu, tumbo limeshuka, na yule aliyempa mimba, Masopi wa kinu cha mafuta cha jirani, alikwishauzwa mji wa Utika.

Sheria ya mimba ilikuwa fupi na kila mtumwa aliijua. Mtoto humfuata mama, na humfuata jinsi mama alivyo saa ile anapotoka tumboni. Mama akiwa mtumwa, mtoto ni wa bwana, kama ndama wa ng'ombe wake. Mama akiwa huru, mtoto ni mwungwana tangu pumzi ya kwanza. Birikti hakuhitaji kuelezwa na mtu. Alikwisha kuzaa binti, na binti huyo alipoanza kung'oka meno ya utotoni diwani alimtoa zawadi kwenye arusi ya mpwa wake wa Thapso, pamoja na seti ya masufuria ya shaba. Aliitoa zawadi hiyo kwa upole. Hata alimruhusu Birikti amsindikize mtoto mpaka lango la mji.

Siku ya mwisho ya ziara hiyo ya liwali, uchungu ulimshika Birikti alfajiri. Hakumwambia bwana wake. Alimjua. Angesema mwanamke mwenye uchungu hapelekwi barazani, si utaratibu, tungoje ziara ijayo. Alijifunga kitambaa kiunoni akakaza, akampelekea habari mkunga tu, Bi Veneria, kwamba awafuate kwa mbali na kikapu chake kama mtu aendaye sokoni.

Barazani walisimama tangu asubuhi. Kesi za mipaka ya mashamba ya mizeituni zilikuwa ndefu, kila wakili akitaka liwali amkumbuke. Jua lilipopinda liwali alipiga miayo, akainuka, akasema inatosha, anakwenda kuoga. Jina la Rogato lilikuwa halijafikiwa.

"Basi," diwani alisema, akirekebisha mkunjo begani. "Tumejaribu. Ziara ijayo, miungu ikipenda."

Birikti alishika nguzo mpaka uchungu ukapita. Kisha akasema kwa sauti ya kawaida, sauti ya kuulizia chumvi, "Bwana, nasikia liwali anaweza kumwacha mtu huru hata njiani. Hata akienda hamamu."

"Anaweza."

"Kwa hiyo sheria inaruhusu?"

"Inaruhusu." Rogato aliitamka kama mtu aliyeng'olewa jino. "Lakini barabarani, Birikti? Katikati ya wauza dagaa?"

"Mimi ni wa jikoni, Bwana. Dagaa hawanisumbui."

Rogato hakucheka, lakini neno sheria lilikuwa limeshamwingia, naye hakuwa na kinga dhidi yake. Wakashuka kuelekea hamamu. Mbele ya lango kulikuwa na umati tayari, watu wenye maombi yao mikononi, na ng'ambo ya njia kulikuwa na nyumba ya dobi, mitungi imepangwa pembeni wapita njia wakojolee, maana kwa mkojo ndiko nguo zilikong'arishwa. Birikti aliomba akae ndani kwenye kivuli. Diwani akakubali. Yeye mwenyewe alibaki mlangoni, kwenye jua, amebana pua, asije akapitwa.

Mwenye nyumba hiyo alikuwa mjane anayeitwa Gududa, mwanamke mwenye mvi kichwa kizima na ulimi usiopumzika. Alimtazama Birikti mara moja tu.

"Huyu hajaja kufuliwa," alisema.

"Naomba nafasi nyuma ya mapipa, mama," Birikti alisema. "Nisipige kelele tu. Bwana wangu yuko mlangoni."

"Nafasi ipo. Kelele ni yako. Mkunga wako wapi?"

Bi Veneria alikwisha kuingia kwa mlango wa uani. Alitandika mashuka ya watu, akapiga magoti, akaweka mkono, akatikisa kichwa. "Zuia, mwanangu. Liwali hajafika."

"Nazuia tangu alfajiri."

"Zuia tena."

Lakini mtoto hamjui liwali. Birikti aliuma upindo wa shuka mpaka akasikia ladha ya magadi. Alijisemea moyoni asisukume, na mwili ukasukuma wenyewe. Mtoto wa kiume akaangukia mikononi mwa Bi Veneria, akavuta pumzi, akalia mara moja, kwa nguvu, kabla mkunga hajamfunika mdomo kwa kiganja.

Gududa aligeukia mapipani, ambako wafuaji wake walikuwa wamesimama kwenye maji hadi magotini wakikanyaga nguo. "Imbeni," aliwaambia. "Mnalipwa mkae kama mazuzu? Kanyageni muimbe." Wakaimba, wimbo mchafu wa baharia na mke wa mwokaji, na maji yakaruka hadi ukutani.

Birikti alilala akitazama dari. Hakuhisi furaha hata chembe. Alihisi kile alichohisi langoni mwa mji, siku mkokoteni wa Thapso ulipoondoka. Mtoto alikuwa anaoshwa kando yake na alikuwa mali ya mtu. Ya mtu aliyesimama hatua chache kutoka hapo, akijali mikunjo.

"Tumechelewa," alisema.

Bi Veneria alikuwa bado ana mkono tumboni kwake. Uso wake ulibadilika. "Ngoja kwanza. Humu bado kuna mtu."

"Mtu gani?"

"Wa pili, mwanangu. Amekaa vibaya kidogo, ana haja ya muda. Pacha."

Nje watu walianza kupaza sauti. Waliopiga kelele walikuwa wakitaja mashamba yao, visima vyao, wana wao walioko jeshini, na katikati ya sauti hizo ikasikika ya diwani, yenye adabu, ikiita, "Birikti. Anakuja. Toka upesi."

Birikti aliinuka. Bi Veneria alimshika bega, akasema atakufa, na alisema kama mkunga, bila kupamba. Birikti akamjibu kwamba atakufa baadaye. Gududa alivuta vazi zito la sufu kutoka kwenye kamba, la mteja fulani tajiri, akamfunga nalo kutoka kifuani hadi miguuni, akamsukuma taratibu kuelekea mlangoni. Yule mtoto akabaki kwenye kapu la nguo safi, ananyonya kidole cha mkunga.

Nje jua lilikuwa kali. Liwali alikuwa mtu mnene mwenye haraka ya maji ya moto, na mbele yake walitembea askari wake wa fimbo wakipasua njia. Rogato aliingia njiani na joho lake, akainua mkono, akataja jina lake na udiwani wake kwa ufasaha kamili. Liwali hakusimama sawasawa, alipunguza mwendo tu. Alimwona mwanamke mwenye tumbo, midomo imempauka, anatokwa jasho ndani ya sufu.

"Huyo?" aliuliza.

"Huyo, mheshimiwa."

Askari mmoja akamgusa Birikti kichwani kwa fimbo, akasema maneno yake kama mtu anayetaja bei ya mboga: nasema mwanamke huyu ni huru. Rogato akamshika mkono. Mkono wa diwani ulikuwa baridi, na Birikti alishangaa kuona kwamba jambo hili lilikuwa kubwa kwake pia. "Nataka mwanamke huyu awe huru," diwani alisema. Akamzungusha mara moja, kama desturi ilivyo, kisha akamwachia. Liwali aliitikia kwa kichwa na tayari alikuwa amempita.

Alipoachiwa alikaribia kuanguka. Alipiga hatua za kurudi ndani mwenyewe, ameshika ukuta, na damu ikafuata nyuma yake kwenye mawe ya njia. Rogato aliiona.

Wa pili alizaliwa wafuaji wakiwa wamenyamaza. Hakuna aliyewaamuru. Alitoka kwa miguu, polepole, na alipolia hakuna aliyemziba mdomo.

Diwani alingoja kiasi cha adabu, kisha akaingia. Alipita mapipa akiinua pindo zake, akafika nyuma, akasimama. Birikti alikuwa ameegemea ukuta, mtoto kila upande. Mmoja alikuwa mkavu, ameoshwa, amevikwa kitambaa safi, nywele zimeshalala, anasinzia. Mwenzake alikuwa bado na damu na utando mgongoni. Hata mwanamume asiyewahi kuona uzazi angejua maana yake.

"Wawili," Rogato alisema.

"Wawili, Bwana."

"Nilisikia mtoto akilia," alisema. "Kabla ya fimbo. Nilikuwa mlangoni."

"Wangu huyo," alisema Gududa, akikamua nguo. Rogato alitazama mvi zake. Gududa akaendelea kukamua.

"Sikuulizi wewe, mama." Alimgeukia Birikti. Hakuwa na hasira. Uso wake ulikuwa uleule wa barazani, wa kupima mipaka. "Asubuhi ya leo nisingeweza kukuuliza. Neno la mtumwa halipokelewi mpaka apigwe kwanza, ndiyo sheria. Sasa wewe ni mtu huru, jina langu la ukoo ni lako, na neno lako ni ushahidi. Nakuuliza mbele ya hawa. Watoto hawa wamezaliwa lini?"

Birikti alikuwa na hofu. Aliogopa kuliko alivyoogopa damu. Maisha yake yote hakuna mtu aliyewahi kumwuliza jambo kisha akasubiri jibu.

"Wote wawili baada ya fimbo," alisema.

"Utaapa?"

"Nitaapa."

"Kwa nani?"

"Kwa Bibi wa Mbinguni." Alimwogopa mungu huyo tangu utotoni, alimpelekea maziwa na asali kila alipopata nafasi. "Anikaushe matiti ikiwa nasema uongo."

Wafuaji walitazama maji. Bi Veneria alijishughulisha na kikapu chake. Rogato alimtazama mtoto mkavu kwa muda mrefu, na mtu angeweza kuona vitu viwili vikivutana ndani yake: sikio lake, na sheria yake. Sikio lilikuwa shahidi mmoja tu. Hakuwa na shahidi mwingine ila wafuaji wasioinua macho na wanawake watatu waliokwisha kuwa upande mmoja.

"Unajua nilisikia," alisema.

"Najua, Bwana."

"Na bado umeapa."

"Bado."

Alivuta pumzi. "Basi imeapwa," alisema, na alionekana mzee. "Nitaleta machela. Mtapelekwa nyumbani, chumba cha karibu na jiko kina joto."

"Hapana, Bwana," Birikti alisema. "Asante. Tutalala hapa."

Neno hapana lilikuwa halijawahi kupita kati yao, na wote wawili walilisikia. Diwani alisimama kidogo kana kwamba anatafuta kanuni inayohusika, asiipate. Akainamisha kichwa kwa heshima, kama anavyomfanyia mtu mwenye jina, akatoka. Kwenye kizingiti alilikanyaga pindo la joho lake mwenyewe, mikunjo yote ikaporomoka, na hakuirekebisha.

Ndipo Birikti alipoomba kinywaji. Gududa alimletea mvinyo uliochanganywa na maji ya moto, akamwambia anywe, vazi la sufu limeharibika na mwenye vazi ni mke wa mwenye kinu, kwa hiyo anywe upesi kabla hajaja. Birikti alicheka, kisha akalia, kisha akaweka mtoto wa pili kwenye titi.

Bi Veneria alifunga kikapu. Kulikuwa na shughuli moja tu imebaki, ya mkunga, ya kawaida kabisa. "Siku ya kuwapa majina nitaulizwa," alisema. "Yupi kurwa na yupi doto?"

Birikti aliwatazama wote wawili.

"Hakuna kurwa hapa," alisema. "Wamekuja pamoja."

Kisha akajisogeza kwenye shuka, akamchukua yule mkavu, akamlaza upande wa ukutani, yeye mwenyewe akalala kati yake na mlango.