Vijidudu Waliohama Kiwandani

Dorca alifika kazini na ndoo yake ya molasi, masalio matamu ya miwa, kutoka Muhoroni, akakuta tangi tupu. Halikuwa limetoboka, na bomba lake lilikuwa limefungwa. Vijidudu aliowalea humo walikuwa wameondoka tu. Njia yao ilionekana wazi sakafuni: utepe mweupe wa utelezi uliopita chini ya lango, ukavuka barabara, ukafuata ukingo wa mtaro kuelekea Nyalenda, alikokuwa akiishi. Alimwambia mlinzi kwamba anarudi nyumbani mara moja, ana wageni. Mlinzi akasema aliwaona wakipita alfajiri, na walipita kwa adabu.

Kiwanda hicho kilitengeneza ngozi za mbuta, samaki mkubwa wa ziwani, zile zinazoshonwa viatu na pochi. Zamani magamba yalitolewa kwa chokaa na dawa kali, na maji yake yakamwagwa ziwani kwa bomba lililopenya katikati ya mafunjo. Wanawake wa ufuo wa Dunga walipochoka kuokota samaki waliokufa, walikuja langoni na mabango. Ndipo Ondiek, meneja, mume wa Debra, mdogo wake Dorca, alipoleta vijidudu kwenye chupa. Wakilishwa vizuri, alieleza, wanatoa vimeng'enya vinavyolegeza magamba bila sumu, na maji yanayobaki unaweza kumwagilia mboga za sukuma. Alimpa Dorca kazi ya kuwalea. Kisha akamwomba azungumze na wale wanawake, maana walimwamini. Dorca alikwenda ufuoni akaapa kwa watoto wake kwamba bomba lile halitatoa sumu tena. Wanawake wakakunja mabango yao.

Nyumbani Dorca aliwakuta wametanda kizingitini, wanangoja. Aliwafungulia, akawatolea beseni kubwa la kufulia, lakini hawakutaka kupumzika. Walimtoa magamba ngege, samaki aliyemnunua kwa chakula cha jioni, wakala mafuta kwenye sufuria, wakaingia chini ya kabati mahali ambapo ufagio haujawahi kufika. Dorca aliwatazama akiwa ameketi. Sukari aliwapa kila siku, kwa hiyo ile haikuwa njaa ya tumbo. Anayeshiba halafu akavamia kazi namna ile ni mtu aliyenyimwa kazi. Na malori ya ngozi yalikuwa yakitoka kiwandani kila wiki.

Kesho yake alizunguka nyuma ya stoo, mahali ambapo hakuwahi kuwa na shughuli. Mashimo ya zamani ya chokaa yalikuwa yamejaa. Wanyonyi, kibarua wa kiwanda, amevaa viatu vya gambuti hadi magotini, alikuwa akikoroga ngozi ndani ya chokaa.

"Mama Winny," alimsalimu. "Kwani hukuambiwa?"

Dorca alikwenda moja kwa moja ofisini kwa shemeji yake.

"Wameondoka," alisema.

"Nimesikia. Wako kwako?"

"Wako kwangu."

"Basi wabembeleze warudi Alhamisi. Kuna wageni wanakuja kuona tangi."

"Ondiek, nyuma ya stoo kuna chokaa."

Ondiek aliinuka akafunga mlango taratibu, kama mtu asiyetaka kuamsha mtoto. "Hao wadudu ni wazuri lakini wako polepole, Shem. Chokaa inamaliza leo. Mwenye kiwanda anataka lori liondoke."

"Tangu lini?"

"Tangu mwanzo tu. Tuliwajaribu kidogo, tukaacha."

"Na mimi nikaapa."

"Uliapa vizuri sana," alisema Ondiek, na alimaanisha. "Mimi singeweza."

Jioni Debra alikuja na mkate na majani ya chai. Alikaa, akasifu mapazia, akauliza habari za shule za watoto. Dorca alimuuliza kama alijua. Debra aligeukia beseni.

"Hawa wamenenepa," alisema. Baadaye, mkono ukiwa kwenye komeo la mlango, akasema, "Dada, usinivunjie nyumba."

Alhamisi vijidudu walikataa kutoka. Kiwandani walijaza tangi maji ya sabuni, wakaweka feni ili povu litembee. Wageni walipiga picha, wakanusa, wakapiga makofi.

Siku iliyofuata Dorca aliwachota baadhi yao kwenye ndoo, akashuka nao Dunga. Lorine, aliyekuwa mbele siku ile ya mabango, alikuwa amesimama majini akiosha omena, dagaa wa ziwa lile. Dorca alimweleza yote palepale, hakupunguza kitu, hata la mdogo wake. Lorine alisikiliza huku karai likizunguka mikononi.

"Tunajua," alisema.

"Mnajua?"

"Mama Winny, si maji ni yetu? Tulijua hata kabla ya mvua ya kwanza."

"Sasa mbona hamkurudi langoni?"

"Tungerudi tungekuwa tunasema wewe ni mwongo. Na uliapa kwa watoto." Lorine alimwaga maji ya karai. "Kiapo cha watoto si cha kuchezea. Tukaona afadhali tunyamaze, kisije kikawapata."

Lorine alipotoka majini kuanika omena, miguu yake ilikuwa imebabuka hadi magotini, nyama nyekundu ikionekana. Vijidudu walipanda ukingo wa ndoo, wakashuka mchangani, wakamfunika miguu yote miwili kama soksi. Lorine alisimama kidogo wapate kukaa vizuri.

"Wana baridi nzuri," alisema.

Kisha akachukua karai la pili, akarudi nao majini, kwa sababu omena zilikuwa bado nyingi, na kule kwenye mafunjo bomba lilikohoa, likaanza kumwaga.