Pikapu ya Mkwe

Ilisemekana kuna pikapu iliyokatika katikati kama mkate, kwenye barabara ya Kangundo, karibu na Komarock. Kichwa kilienda na dereva mpaka mtaroni, mgongo ukabaki barabarani na kabeji zake. Muhonja aliyasikia haya sokoni Jericho, kwenye meza ya Wayua muuza mboga, nyanya alizochagua zikiwa bado mkononi.

"Ni magari mawili hayo, dada," Wayua alisema. "Moja limegongwa mbele, lingine limegongwa nyuma. Wanakata kila moja, wanachukua nusu iliyo nzima na nusu iliyo nzima, wanachomelea. Wakimaliza, rangi. Wewe unaona gari, kumbe umeuziwa maiti wawili."

"Na dereva je?"

"Usiniulize dereva."

Hakuna aliyejua ilikuwa siku gani. Mwingine alisema ni breki, mwingine akasema haikuwa pikapu hata. Hapakuwa na mtu mmoja aliyeiona kwa macho yake. Muhonja alijiambia hayo ni maneno ya sokoni, lakini yalikataa kumtoka. Akisonga ugali anasikia chuma kikikatika. Akilala anaona kabeji zikibingirika lamini.

Ni kwa sababu nyumbani kwake pikapu ilikuwa njiani kuja. Shiundu, mumewe, alikuwa amepunguzwa kazini kwenye kiwanda cha blanketi, akapewa malipo yake yote kwa mpigo mmoja. Mwaka huo kila aliyepunguzwa alifungua kioski au alinunua gari. Shiundu akaamua pikapu, ya kubeba mboga kutoka Tala. Dereva angekuwa Dishon, kitinda mimba wao, ambaye leseni yake ilikuwa bado inanuka upya. Na kazi ya kutafuta pikapu hiyo aliachiwa Kweyu.

Kweyu alikuwa mume wa Annah, binti yao mkubwa, nao walikaa Ziwani. Alikuwa broka wa magari, mtu wa shati jeupe na viatu vinavyong'aa hata msimu wa matope. Zaidi ya hayo yote, alikuwa mkwe. Na kwa watu wa kina Muhonja, mama mkwe na mkwe hawashikani mikono, hawali meza moja, hawakai karibu, wala hawasemezani ila kupitia kwa mtu mwingine. Hiyo si chuki, ni heshima. Tangu Annah aolewe Muhonja alikuwa ameishika heshima hiyo bila kuteleza. Akikutana na Kweyu mlangoni, aliangalia ukuta mpaka apite.

"Baba Annah," alimwambia mumewe, "tumtafute fundi aiangalie kwanza."

Shiundu akaweka kikombe chini. "Fundi? Nimletee mkwe wangu fundi? Hiyo ni kama kwenda kwake kula, nikafunua sufuria na kunusa kabla sijakaa."

"Dishon ndiye atakayekaa kwenye hicho kiti, si wewe."

"Na Annah ndiye anayekaa kwenye nyumba ya huyo unayemwita mwizi."

"Mimi sijamwita mwizi."

"Umemwitia fundi. Ni yale yale."

Hapo mazungumzo yakaisha. Shiundu akageukia redio.

Jumamosi Kweyu akaja nayo. Usiku mvua ilikuwa imenyesha, na ardhi kati ya nyumba za kaunsili ilikuwa laini kama ngano iliyokandwa. Pikapu ilikuwa nyeupe, imeoshwa ikaosheka, na majirani wakatoka milangoni kuiangalia. Kweyu akashuka, akamwamkia Shiundu kwa mikono miwili. Muhonja akasimama mbali, kando ya kamba ya nguo, kama inavyotakiwa.

"Baba, hii ni mashine," Kweyu alianza. "Mwenyewe ni mzee wa Komarock, alikuwa anaenda nayo kanisani tu."

"Baba Annah, muulize kama huyo mzee ana jina," Muhonja alisema akiangalia nguo.

"Mama anauliza..."

"Nimesikia, Baba. Mwambie mama jina liko kwenye logbuku, na logbuku iko kwa mwenyewe. Tutaipata tukishalipa."

"Mwambie hata mahindi ya kupimwa kwa gorogoro huwa naonyeshwa kabla sijafungua leso."

Kweyu akacheka, akawageukia majirani. "Leo gari limekuwa mahindi!" Nao wakacheka, kwa sababu alicheka vizuri.

Akataja bei yake: laki moja na sabini. Shiundu akasema laki na ishirini, kwa sauti ya mtu anayeomba radhi. Kweyu akafyonza.

"Baba, kwa sababu ni wewe ndiyo nimeanzia hapo. Mtu wa nje ningemwambia mbili, na angetoa. Unataka nimwambie Annah kwamba babake ananibania?"

Shiundu huyu alikuwa amebishana na wasimamizi wa kiwanda, na makarani wa kodi ya nyumba, na wauza viatu wa Gikomba mpaka wakamkimbia. Mbele ya mkwe mdomo wake ukalegea. Akapanda yeye mwenyewe mpaka laki na arobaini, halafu hamsini, Kweyu akiwa hajashuka hata shilingi. Muhonja alimsikia mumewe akijipandishia bei peke yake kama mtu anayepanda ngazi gizani, akajiuma ulimi.

Alitaka tu kuiangalia. Akazunguka nyuma, na Kweyu naye akaja nyuma, akaegemea ubao wa mizigo. Ilibidi Muhonja arudi. Akaenda upande wa kushoto, na Kweyu akafungua mlango wa kushoto, akakaa mguu mmoja nje, akijipepea kwa gazeti. Muhonja akarudi tena. Alidhani ni bahati mbaya. Alipojaribu mara nyingine, karibu na gurudumu la nyuma, Kweyu alitangulia kusimama pale pale, akamtazama usoni moja kwa moja, jambo ambalo mkwe hafanyi, akatabasamu.

Ndipo Muhonja akaelewa. Alikuwa akifukuzwa jinsi kuku anavyofukuzwa asiingie jikoni, na fimbo iliyotumika ilikuwa heshima yake mwenyewe.

"Tuijaribu barabarani," Kweyu alisema. Dishon akaruka kwenye usukani, babake na shemeji yake wakabanana kando yake, wakaondoka. Nafasi nyingine haikuwepo, na hata ingekuwepo isingekuwa yake.

Muhonja akabaki anaangalia matope. Gari la mkate lilikuwa limepita hapo alfajiri, likaacha mistari miwili iliyonyooka, kwa sababu magurudumu ya nyuma hukanyaga pale yalipokanyaga ya mbele. Pikapu nyeupe ilikuwa imeacha mistari minne. Wa mbele hapa, wa nyuma pembeni yake, hatua kwa hatua mpaka kwenye kona. Ilikuwa inatembea ubavu, kama mbwa aliyepigwa kiunoni. Akamwita Wayua, ambaye alikuwa amekuja kutazama kama wengine.

"Wewe unaona nini?"

Wayua akaangalia, akafunika mdomo. "Dada, nyuma na mbele hazijuani."

Waliporudi uso wa Dishon ulikuwa unawaka. "Mathe, dinga iko sawa! Inavuta upande kidogo tu. Nikiizoea itaisha."

Inavuta upande. Muhonja akageukia tena ile mistari minne.

"Baba Annah, muulize kwa nini ina njia nne kwenye matope."

"Mwambie mama ni utelezi," Kweyu akajibu, sasa bila kicheko. "Na mwambie kuna mtu Donholm anaingoja saa sita. Kama pesa zenu zina woga, niambieni nisipoteze mafuta."

"Mwambie utelezi haukuliona gari la mkate?"

"Mzee, hapa nafanya biashara na nani? Na wewe au na mama?"

Hilo lilimchoma Shiundu mahali pabaya. "Mama Annah, wacha!" alifoka. "Umeniaibisha vya kutosha. Dishon ni wangu pia." Akaingia ndani kuchukua pesa.

Muhonja akamtazama mwanawe, ambaye tayari alikuwa anafuta kioo cha pikapu kwa mkono wa shati kama mtu anayepapasa farasi wake. Akafungua leso kiunoni, akaitandika kwenye matope chini ya ubao wa nyuma. Akapiga magoti. Halafu akalala chali, akajisukuma chini ya pikapu mpaka ikabaki miguu tu nje.

Wanawake wakapiga uwii mmoja. Mama kulala chini mbele ya mkwe! Shiundu alitokea mlangoni na bahasha mkononi, akaganda. "Mama Annah! Toka! Umerogwa?"

Na Kweyu, aliyekuwa amesimama hapo hapo kama askari, akaruka nyuma, akageuza uso ukutani. Hata yeye alikuwa amelelewa na mama. Hangeweza kusogea, hangeweza kumshika mguu kumvuta, hangeweza hata kuangalia. Ile fimbo ilikuwa imegeuka.

Huko chini kulinuka rangi mbichi. Kila kitu kilikuwa cheusi na kinang'aa. Muhonja akapapasa ule mhimili mrefu wa chuma unaobeba gari lote, chesisi wanavyoiita, mpaka kidole kikagota mahali penye uvimbe. Akakwaruza kwa ufunguo wa nyumba. Rangi ikachunika, na chini yake kulikuwa na kiraka cha bati nene kama kiraka cha suruali, kimechomelewa pembeni kwa madonge, kama uji uliofurika ukakauka ubavuni mwa sufuria. Upande wa pili, vile vile. Kipande cha mbele na kipande cha nyuma havikukutana sawasawa, kimoja kilikuwa juu ya kingine kwa upana wa kidole. Na pale kwenye donge kulikuwa na ufa. Ukucha uliingia.

"Kweyu," aliita kutoka chini. Ilikuwa mara ya kwanza kulitaja jina hilo mbele ya mwenyewe. "Njoo ulale hapa uone chuma ulichotaka kumkalisha ndugu ya mke wako."

"Baba, mwambie mama anajiletea laana!" Kweyu aliuambia ukuta.

"Sisemi kupitia kwa mtu tena. Nakuuliza habari ya chuma."

"Magari yote ya Nairobi yamechomelewa! Mlitaka jipya kwa hizo pesa?"

"Kumbe ulijua."

Kweyu akazidi kuukabili ukuta. Ukuta nao haukumsaidia.

Dishon akajitupa chini, akaingia upande wa pili. Alikaa huko kitambo. Alipotoka mkono wake ulikuwa mweusi mpaka kwenye kiwiko, na uso wake haukuwa na ile nuru. Akatoa ufunguo mfukoni, akauweka juu ya boneti, akarudi nyuma kama anayeogopa kwamba gari litamng'ata.

Kweyu alingoja Muhonja atoke na kufunga leso yake yenye matope ndipo ageuke. Macho yake yalikuwa mekundu. "Annah hatakanyaga hapa tena," alimwambia Shiundu. "Umesikia, Mzee? Na ng'ombe zangu mnirudishie." Akaingia, akapiga mlango, akaondoka. Pikapu ilienda ubavu mpaka kwenye kona, na safari hii kila mtu aliona.

"Si ni ya kanisani? Ipeleke ikaombewe!" Wayua alipiga kelele. Watu wakacheka tena, lakini Shiundu hakucheka.

Hakumshukuru mkewe siku hiyo wala baadaye. Aliziweka pesa, halafu akaanza kusema na Muhonja kupitia kwa Dishon, kana kwamba yeye ndiye aliyekuwa mkwe. "Mwambie mama yako chumvi imezidi." "Mwambie mama yako mlango haujafungwa." Wazee wa kwao waliokuwa Nairobi wakaketi, wakaamua kwamba Muhonja amevunja heshima, na lazima ampelekee mkwe blanketi jipya ili yaishe. Hakuna aliyeuliza habari ya ufa. Muhonja akalinunua, akalituma. Kweyu akapokea blanketi, na Annah akaendelea kukatazwa kuja. Siku hizi Muhonja humwona binti yake Ziwani, kwenye mfereji wa maji, kwa muda wa ndoo kujaa. Ndoo ikijaa, Annah anajitwika na kuondoka upesi.

Dishon anaendesha gari la mtu mwingine, kuukuu, lililopauka, ambalo Muhonja alilala chini yake kabla hajamruhusu kulipanda. Kila jioni akisikia mlango unafunguliwa, anashusha pumzi.

Na ile pikapu aliiona tena. Alikuwa amekwenda Komarock kumtazama mgonjwa, akaiona inapita imebeba mchanga mpaka juu. Sasa ilikuwa ya buluu, lakini ilitembea ule ule ubavu. Kwenye usukani alikaa kijana wa umri wa Dishon. Muhonja alikimbia akipunga mikono, akipaza sauti, "Simama! Baba, simama!" Kijana alidhani anasalimiwa. Akapiga honi, akampungia mkono, akapita.

Hakumfikia. Ndiyo maana kila anayefika kwenye meza ya Wayua akasema anatafuta gari, Muhonja humweleza mambo haya:

Usimtume mkwe, shemeji wala mtu wa kanisa lako akununulie gari. Utaona haya kumkatalia.

Usikubali kuharakishwa na mtu wa Donholm ambaye hujamwona.

Usinunue gari lenye rangi mbichi chini. Juu ni urembo, lakini chini nani anapaka bure?

Usiamini gari linaloacha njia nne kwenye matope, wala linalovuta upande, hata ukiambiwa utazoea.

Usipandishe bei mwenyewe kabla mwenye kuuza hajashuka.

Usitoe pesa kabla ya kushika logbuku na kumwona mwenye jina.

Usiogope kulala chini mbele ya mtu yeyote.

Usimpe mtoto ufunguo kabla hujalala chini ya gari lenyewe.