Honora Aliyekuwa Akirudi Kwao

Nyanchoka alikuwa akipanga nyanya sokoni Oyugis pale mzungu mmoja alipoketi kwenye gunia lake la vitunguu. Gauni la mzungu lilidondosha maji ya chumvi. Akasema anaitwa Honora, kwao ni Ayalandi. Zamani alimpiga mumewe kwa shoka akafa, hakimu akamtia kwenye meli ya wafungwa hadi ng'ambo ya dunia. Alifia huko. Tangu hapo anarudi nyumbani kwa miguu.

"Umekula?" Nyanchoka akauliza.

"Bado."

Akamchukua nyumbani. Huko alikuwapo mjukuu wake, Nyamusi, aliyezaliwa gerezani. Mamake, Emmah, binti wa Nyanchoka, alifungwa maisha kwa kumdunga kisu mumewe aliyekuwa akimkaba koo. Mtoto alipotimiza miaka minne, sheria ikamtoa. Sasa kila akifika mlangoni alisimama, mikono mgongoni, hata mlango ukiwa wazi.

"Anangoja askari," Honora akasema.

Akaenda akasimama nyuma yake, naye mikono mgongoni. Ugali ukapoa. Kisha akamnong'oneza, "Wameenda," wakatoka wameshikana mikono.

Walifanya hivyo kila mlango, hata wa kanisa. Waumini waliona sakafu inalowa, wakamwekea Honora beseni chini ya kiti. Siku moja Nyamusi akatoka mbio kucheza bila kumwangalia mtu.

"Mtoto wako alikuwa mkubwa?" Nyanchoka akauliza.

"Kama huyu. Alinipungia mkono bandarini. Alidhani narudi jioni."

Rufaa ya Emmah ikasikizwa. Jaji akasema kama kweli alikuwa akipigwa, angeripoti. Alikuwa ameripoti mara mbili, hakuna aliyeandika. Rufaa ikatupwa. Honora akasema hakimu wake naye alisema vivyo hivyo.

Wakaenda kumwona Emmah. Nyamusi akamsimulia mamake habari za kuku mpaka muda ukaisha. Honora hakuinuka.

"Mimi nabaki na Emmah," akasema.

"Na kwenu?" Nyanchoka akauliza.

"Mtoto wangu alishazeeka akafa, mama. Huyu yuko hai, na yuko peke yake."

Askari wa zamu, dada aitwaye Achieng, akafungua lango la ndani.

"Lakini hana karatasi," Nyanchoka akamwambia.

"Kuingia hakuna shida, mama. Kutoka ndiyo kazi."

Emmah akamshika Honora kiuno, wakaingia, na Achieng akafunga.