Kichwa Kimoja, Ng'ombe Watatu

Semboja alikuwa kwenye majaribio ya majuma matatu. Akifaulu, meneja angempa mkataba wa mwaka mzima wa kulisha nyama kambi yetu ya mkonge, upande wa Korogwe. Kazi ya kumpima nilipewa mimi, Abdi, karani msaidizi, kwa kuwa nilifika darasa la kumi na kwa kuwa, alivyosema karani mkuu Bwana Valerian, "mdomo wako ukipata kazi, sisi tutapumzika."

Masharti niliyaandika mwenyewe. Ng'ombe achinjwe Handeni na Mwislamu, nyama ifike asubuhi hiyohiyo, na kila ng'ombe aje na kichwa chake tuone kisu kilivyopita kooni. Nikiridhika natia sahihi, nyama inagawiwa, kichwa anarudi nacho Semboja.

Juma la kwanza kilikuja kichwa cheupe, koo limekatwa vizuri kabisa. Watu kwenye foleni walikuwa wamenuna kwa kusubiri, basi nikachukua kalamu yangu ya zambarau, isiyofutika hata kwa sabuni, nikaandika ndani ya sikio: VALERIAN. Masikio yalifanana na yake, nifanyeje? Foleni ikacheka mpaka mwisho.

Juma la pili kichwa kililetwa ndani ya gunia. Nilifunua kidogo, nikaona koo, nikatia sahihi. Nilikuwa na mzaha mwingine nauwahi.

Jumamosi ya tatu, gunia lilinuka.

"Ni lori hilo, mwanangu," Semboja akasema. "Lilibeba ngozi jana."

"Na chumvi hii nayo ni ya lori?" Nilikitoa kichwa, nikakibwaga mezani. Kilikuwa kikavu kama kiatu cha polisi.

"Taratibu, msomi! Utachafua shati."

Nikainua sikio. VALERIAN.

Sikucheka. Nilitamani kumpiga nacho.

"Ng'ombe wa juma la pili kichwa chake kiko wapi, Semboja? Na huyu wa leo?"

"Vichwa vingine viliuzwa njiani, pale Kabuku. Nyama ni ileile."

Nikamwita Mzee Mhina, mwalimu wa chuo cha Kurani pale kambini. Hata shikamoo yangu aliiitikia macho yakiwa kwenye paja lililoning'inia mizanini. Akaomba kisu, akalipasua. Damu ilikuwa imegandia ndani, nyeusi, mishipa imejaa.

"Huyu hakuchinjwa," akasema. "Amekufa, ndipo akakatwa. Kibudu hiki."

"Sasa mzee, ugonjwa ukiingia zizini nizike mali yangu yote?" Semboja akafoka. "Mnapika, mnachemsha, kuna aliyekufa?"

Bwana Valerian akaja mbio na karatasi mkononi. "Abdi, sahihi! Meneja anaitaka kabla ya saa sita. Watu wana njaa, mambo ya dini mtazungumza jioni."

"Soma kwanza, bwana mkubwa."

Akainama. Akasoma jina lake sikioni. Akanitazama, akalitazama lile paja jeusi, akaziba pua.

"Hii ulinigawia na mimi?"

"Juma lililopita. Kilo mbili, bila mfupa. Uliomba bila mfupa."

"Mshenzi wewe!" Sikujua ananiambia mimi au Semboja, maana alimrukia Semboja na kumkunja shati. "Mimi Mkristo, lakini nani kakwambia Mkristo anakula mzoga? Ng'ombe mgonjwa unawapa watoto wangu?"

Nikaichukua ile karatasi. Mahali pa sahihi nikaandika HAPANA, kwa kalamu ileile, nikaikandamiza mpaka ikatoboka. Kisha nikapanda juu ya meza, nikashika kichwa kwa pembe, nikawaonyesha watu na kuwaeleza yote. Wanawake wakaanza kumwita Semboja majina nisiyoweza kuyaandika hapa. Mtu akarusha jiwe, likagonga lori. Semboja akachomoka mikononi mwa Valerian, akapanda, dereva akaondoka na mlango wazi.

Nilidhani nimemaliza.

Mama alikuwa wa nne kwenye foleni, bakuli kifuani. Mama yangu Mwaija, ambaye hata maji hanywi kabla hajasema bismillahi.

"Abdi," akaniita, si kwa sauti kubwa. "Na ile ya juma lililopita?"

Watu wote wakanitazama. Walisubiri mzaha, nilivyowazoeza.

"Sikukitoa kichwa ndani ya gunia, mama. Nilitia sahihi hivyohivyo."

Alinitazama nikiwa bado nimeshika pembe. Akaligeuza bakuli, akalipangusa kwa upande wa khanga, akalipangusa tena.

"Shuka mezani," akasema. "Unachekesha."