Vitawi Chini ya Sandwichi

Mzee Harlan alikataa kata kata kumpa mtu mfuko wake wa sandwichi. Mlinzi wa geti la bustani ya michezo aliufungua, akaona mikate imepangwa juu, akaufunga. Dwight, mkwe wake, akajitolea kuubeba. Mzee akamjibu, "Beba tumbo lako, hilo linakutosha." Wote wakacheka isipokuwa Rhonda, maana yeye alimjua baba yake. Mtu anayesahau kofia, miwani na hata meno ya bandia kila anapoketi, leo amekumbatia mfuko kama mtoto mchanga! Kuna jambo.

Rhonda ndiye aliyewaleta wote. Tangu mwezi uingie, mzee alikuwa halali wala hatulii. Shamba lao la michungwa kule Lake Wales lilikuwa limekwisha kwa ule ugonjwa unaoliacha chungwa kijani kitakoni na chungu mdomoni. Miti iling'olewa safu kwa safu ikachomwa moto, na mwishowe ardhi ikauzwa kwa watu wa paneli za sola. Ulibaki mchungwa mmoja nyuma ya jiko, alioupanda marehemu Opal, mama yake Rhonda, mwaka alioolewa. Jumatatu katapila lingeuzoa na huo. Ndipo Rhonda akaona heri amtoe mzee nyumbani, akaone mimea iliyo hai. Katika ile bustani kubwa ya michezo, katikati ya bembea na magari ya kupaa kwenye reli, kuna nyumba ya kioo ya kukuzia mimea, na watu huzungushwa humo kwa vikundi wakielezwa.

"Bembea kapandeni wenyewe," mzee alisema alipoambiwa. "Lakini hiyo mimea nitaiona."

Alikubali upesi mno. Rhonda alipaswa kushtuka tangu hapo.

Aliyewapokea ni msichana mchangamfu wa shati la kijani, jina lake Marisela. Akawasimamisha kati ya milango miwili. "Huu wa mbele haufunguki mpaka ule wa nyuma ufungwe," alisema. "Tunawazuia wadudu. Hakuna aliyebeba mmea, tunda wala mbegu?"

"Mimi nina mba tu kichwani," Dwight akasema.

Kikundi kizima kikacheka. Mzee Harlan aliangalia viatu vyake.

Ndani kulikuwa na joto la sufuria iliyofunikwa. Nyanya zilipanda kwenye kamba mpaka darini. Marisela alipenda vitendawili, na Junie, binti wa Rhonda, kwa vitendawili ungeweza kumwita atoke usingizini.

"Haya Junie, tega sikio. Nanywa maji kwa ndevu, na ndevu zangu hazijagusa udongo tangu nizaliwe. Mimi nani?"

"Babu akinywa maziwa!"

Hata mzee akatabasamu kidogo. Marisela akaufunua ubao, na hapo wakaona mizizi ya saladi ikining'inia hewani, myeupe, ikirushiwa ukungu wa maji.

"Na hiki je? Nilifungwa gerezani tangu utotoni, na siku niliyotoka nilifanana na gereza langu."

Junie alizunguka, akachungulia huku na huku, mpaka akayaona maboga machanga yaliyofungiwa ndani ya vikalibu ili yakue yakiwa na umbo la nyota. "Boga! Ni boga!" Akapigiwa makofi.

Rhonda hakupiga. Alikuwa anamtazama baba yake akitangulia mbele ya kikundi, akisimama, akirudi, akitangulia tena, kama mtu anayesubiri simu ya hospitali.

"Mama, nina kiu," Junie akasema.

Chupa za maji zilikuwa kwenye ule mfuko. Rhonda akamfuata baba yake kwa nyuma, akavuta zipu polepole. Mkono ulipoingia tu, harufu ikamfikia kabla ya chupa. Majani ya mchungwa yaliyopondeka. Harufu hiyo alilelewa nayo, hata kizibo puani kisingeizuia. Chini ya sandwichi mlikuwa na gazeti lililolowa, na ndani ya gazeti vitawi, na kwenye jani moja kidudu kidogo kama punje ya ufuta, kichwa chini, matako juu, kama mtu anayetafuta sindano sakafuni. Hakuna mtoto wa mkulima wa machungwa asiyekijua kidudu kile. Ndicho kilichobeba ugonjwa kutoka mti hadi mti mpaka shamba lao likaisha.

Akafunga zipu. Chupa akaisahau humo humo.

"Baba," alinong'ona, "umebeba nini?"

"Punguza sauti."

"Ni mti wa Mama?"

"Jumatatu wanaung'oa, Rhonda. Hapa wana kioo, wana wataalamu, wana mvua ya bomba. Tukifika kwenye malimau nitampa yule msichana. Wavipachike kwenye shina lao, basi. Nani ataumia?"

"Mti huo una kidudu."

"Hauna. Mti ule ni mzima, unazaa."

"Nimekiona kwa macho yangu."

"Umeona pilipili manga ya kwenye mkate."

Akampita. Marisela alikuwa ameshafika kwenye mlango wa kioo wa chumba kingine, na nyuma yake malimau yalionekana, moja moja kubwa kama kichwa cha mtoto, yameegeshwa kwenye vyandarua ili yasivunje matawi. "Mlimau huu ndio bibi yetu wa nyumba," alisema. "Hatuna mwingine."

Rhonda alikuwa anapima. Akinyamaza, huenda kidudu kikabaki kwenye gazeti. Huenda kisibaki. Akisema, atamwaibisha baba yake mbele ya watu asiowajua, na mti wa mama yake utakwisha kabisa duniani, lisibaki hata chipukizi lake. Opal alikuwa mke wa mzee, sawa, lakini mama alikuwa wa nani? Mkono wa Marisela ukashika kitasa. Mkono wa mzee ukashika zipu.

"Dada, usifungue huo mlango!"

Wote wakageuka.

"Baba yangu ana vitawi vya mchungwa mfukoni. Vina wadudu."

Tabasamu la Marisela lilizimika kama taa. Hakupiga kelele. Aliita wenzake kwa redio, wakamletea mifuko miwili ya plastiki, mmoja ndani ya mwingine. "Mzee wangu, naomba huo mfuko. Usiufungue."

"Mti huu umezaa mwaka huu," mzee alisema, hauachii.

"Machungwa yake yakoje?" Marisela akauliza.

Junie ndiye aliyejibu, maana swali lilikuwa limeulizwa na majibu anayapenda. "Madogo, yamepinda, na machungu. Babu ananiambia niseme ni matamu."

Mzee Harlan akaushusha mfuko begani, akautoa.

"Pamoja na sandwichi?" Dwight akauliza kwa huzuni ya kweli. Rhonda akamkanyaga.

Wakatolewa nje, wakapigwa brashi nguo zao, wakaketi kwenye benchi juani. Juu yao gari la kupaa lilipita likimwaga mayowe, likaenda, likarudi. Baadaye kidogo Marisela alitoka. Alisema watafunga chumba kile cha maboga, watawategea wadudu gundi, watawawinda. Labda hakuna kilichotoka mfukoni.

"Na kama tungeingia kwenye malimau?" Rhonda akauliza.

"Ningelia," msichana akasema, akarudi ndani.

Mzee alingoja mlango ufungwe. "Umenivua nguo mbele ya watu."

"Ndiyo, Baba."

"Mbele ya mjukuu wangu."

"Ndiyo." Rhonda hakuomba radhi. Alijua akianza kuomba ataomba mpaka jioni.

Gari la kupaa likapita tena.

"Majani yalianza mwaka juzi," mzee alisema, akiangalia mbele. "Manjano upande mmoja. Nilikuwa nayachuma Jumapili asubuhi kabla hamjafika."

Kisha akamgeukia mkwe wake.

"Dwight, chenso yako ya kukatia miti bado inawaka?"

"Nikiibembeleza, inawaka."

"Basi tuondokeni. Mti wa Opal tutaukata wenyewe; sitaki lile dude la Jumatatu liuguse."

"Sasa hivi?" Junie alilia. "Na bembea?"

"Leo, Baba?" Rhonda akauliza. "Si ungepumzika kwanza, kesho..."

"Kesho nitabadili mawazo. Mimi najijua." Akasimama. "Na umeegemea jiko. Lazima mtu auvute kwa kamba, usiangukie paa."

"Nitavuta mimi."

Mzee akamtazama binti yake kwa mara ya kwanza tangu watoke kwenye nyumba ya kioo. Hakumchekea. "Utavaa glavu," alisema. "Una mikono laini siku hizi." Akaondoka kwa haraka akielekea geti lisilo lao, na Rhonda akakimbia kumgeuza.